Kijiji na Kitabu Chake: Habari za Bugarama na Nchi ya Jirani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa redioni.

  Walimu, tafadhali sogezeni redio mahali ambapo wazee walio nyuma watasikia. Chaki iwe tayari. Leo tutaandika maneno matano tu ubaoni, nayo ni haya: KIJIJI, MPAKA, MKUTANO, MUHTASARI, CHETI. Msiyaandike yote sasa. Kila neno litakuja kwa wakati wake.

Basi aandike la kwanza: KIJIJI.

Mtu akikuuliza, "Kijiji ni nini?" utamjibu nini? Wengi watasema ni nyumba nyingi zilizo pamoja. Jibu hilo si baya, lakini babu zetu wa Usukuma na Unyamwezi wasingelikubali, maana nyumba zao hazikuwa pamoja, na bado walikuwa na vijiji. Ndiyo sababu nimechagua kueleza habari za mahali pamoja, ili tuone jinsi kijiji kilivyobadilika. Mahali penyewe ni Bugarama.

Bugarama tunayoisema ni kata katika Halmashauri ya Msalala, Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Nasema hivi kwa sababu jina hili wanalo wengi. Iko Bugarama ya Ngara, iko ya Rwanda, na iko ya Burundi. Ukiandika bahasha "Bugarama" tu, bila wilaya wala nchi, barua yako yaweza kutembea sana kabla haijafika.

Nchi yetu hii si ya milima mirefu. Ni vilima vya mawe, na kati ya vilima mna mabonde mapana ya udongo mweusi tuuitao mbuga. Udongo huo ukikauka hupasuka nyufa ambazo kwato la ndama laweza kuzama. Ukilowa hunata, na gari likiingia halitoki mpaka livutwe na ng'ombe. Mkulima wa huku huisoma ardhi kabla hajajua kusoma kitabu. Juu penye kichanga hupanda viazi vitamu, mihogo na karanga. Katikati hupanda mahindi, mtama na pamba. Chini mbugani hulima mpunga kwenye majaruba. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei, halafu ni jua tu. Kwa ajili ya miezi hiyo ya jua akina mama walibuni michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Nyumba yenye michembe ghalani haina haja ya kuogopa Januari.

Katika nchi hii wameishi Wasumbwa, Wasukuma na Wanyamwezi, nao wamechanganyika kwa ndoa na kwa biashara. Msidhani kwamba watu wa zamani walikaa tu mahali pamoja wakingoja wageni. Wafua chuma walioitwa Walongo, upande wa Geita, walitengeneza majembe, na majembe yao yaliuzwa mbali na kutolewa mahari. Wasumbwa walikuwa wasafiri hodari. Mmoja wao, mtoto wa mfanyabiashara Kalasa, alifika nchi ya Katanga, ambayo leo ni Kongo, akawa mfalme huko. Jina lake Msiri. Aliuawa mwezi wa Desemba 1891 na jeshi lililotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Wafuasi wake waliitwa Wayeke, na wazao wao wako huko hata leo.

Sasa turudi kwenye kijiji.

Zamani za watemi, kila utemi uligawanywa katika sehemu, na kila sehemu iliitwa gunguli. Mkubwa wake aliitwa mwanangwa. Nyumba zilikuwa za msonge, kila mji umezungukwa na ua wa minyaa, na kutoka mji mmoja hata mwingine yaweza kuwa mwendo wa kupita mashamba mawili matatu. Mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa mwanangwa, akaeleza atokako, akaonyeshwa mahali pa kulima. Akihama, ardhi ilirudi kwa mwanangwa apewe mwingine. Na watu walihama sana. Walihama kwa sababu ya njaa, kwa sababu ya maradhi ya ng'ombe, kwa kumkimbia mwanangwa mbaya, hata kwa kumshuku jirani kuwa ni mchawi. Mtemi mkali aliweza kuamka asubuhi akakuta nusu ya watu wake wamehamia kwa mtemi mwingine. Hii ndiyo iliyokuwa kura ya zamani. Mtu alipiga kura kwa miguu yake.

Basi ni nini kilichowafunga watu wawe kijiji? Si nyumba. Ni kazi na mazishi. Vijana walikuwa na chama chao cha kulima, na mkubwa wa chama hicho aliitwa nsumba ntale. Ukitaka shamba lako lilimwe kwa siku moja, ulimwendea yeye, ukaandaa chakula au ng'ombe, na vijana wakaja na ngoma na majembe, wakalima kwa mstari mmoja huku wakiimba. Na majirani wote walikuwa jumuiya iliyoitwa nzengo. Nzengo iko hata leo. Ukifiwa, nzengo huja na kuni, maji na unga. Na ukikataa kwenda kwenye msiba wa wengine, nzengo itakutoza. Ukizidi kukataa, utatengwa. Mtu aliyetengwa na nzengo ana nyumba, ana shamba, ana ng'ombe, lakini hana kijiji.

Katika mambo hayo yote hapakuwa na karatasi hata moja. Kitabu cha kijiji kilikuwa kichwa cha mzee. Yeye alijua kwamba mpaka wa gunguli unapita kwenye mti fulani, unateremka kijito, unafika kwenye jiwe. Mzee huyo akifa kabla hajamwambia mwanawe, ukurasa mmoja umechanika.

(Mwalimu aandike neno la pili: MPAKA. Wanafunzi walisome pamoja.)

Wajeremani walikuja wakataka kodi. Baada yao Waingereza walitunga sheria mwaka 1926, wakawafanya watemi kuwa serikali za wenyeji, wenye mabaraza na mahakama. Hapo ndipo karatasi za kwanza zilipoingia, nazo zilikuwa karatasi za kodi. Jina la mwananchi liliandikwa ili atozwe. Hilo tulikumbuke, maana ndiyo sababu wazee wengi walikuwa wakikimbia kila walipomwona mtu mwenye kalamu.

Waingereza hao hao walikuta vichaka vingi vyenye mbung'o katika Shinyanga na nchi za jirani. Mbung'o huua ng'ombe na huleta malale. Katika miaka ya 1920 watemi na bwana mmoja aliyeitwa Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o, waliwaita watu kwa maelfu kukata vichaka. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Mbung'o walirudi nyuma, watu na ng'ombe wakapata nafasi, na pamba ikalimwa. Lakini miti nayo ilikwisha. Habari hii tutairudia.

Kuhusu pamba sitasema mengi, kwa kuwa lina somo lake peke yake. Niseme jambo moja tu linalohusu kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliona kuwa mizani ya wanunuzi inawapunja. Walifanya nini? Waliweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma namba, wasimame kando ya mizani na kupima tena. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya uongozi wa Paul Bomani. Chama kile kikubwa kilianza kwa mtu mmoja aliyeweza kusoma mshale wa mizani.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka 1963 sheria ya watemi ilifutwa. Mwanangwa akaondoka, na mahali pake wakaja wajumbe wa nyumba kumi na maofisa watendaji. Mwaka 1967 likatoka Azimio la Arusha. Halafu, mwezi wa Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976.

Katika Mkoa wa Shinyanga operesheni ilifanywa mwaka 1974. Wazee mliopo darasani mnaijua kuliko mimi, kwa kuwa mimi nilizaliwa baadaye. Nieleze kwa ajili ya vijana. Magari yalikuja. Watu waliambiwa wapakie vitu vyao. Penye ubishi, nyumba ziliezuliwa paa au kuvunjwa. Walipelekwa mahali palipopimwa, wakaonyeshwa kiwanja kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Wengine walipewa mahali pasipo na maji. Mashamba ya zamani yakawa mbali, na samadi ya miaka mingi ikabaki kwenye mahame. Serikali ilikuwa na sababu zake. Shule, zahanati na bomba haviwezi kufuata kila mji uliojitenga porini. Na ni kweli kwamba shule nyingi za msingi tunazoziona leo zilijengwa wakati ule. Lakini mimi nikipima mizani hiyo sioni kwamba mazuri yale yalihitaji paa la mtu lichomwe au livunjwe. Wazee wana haki ya kulisema hili, na vijana wana wajibu wa kulisikiliza bila kucheka.

Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji. Kijiji kilitakiwa kiwe na kaya zisizopungua 250, kiandikishwe, kiwe na halmashauri yake. Ndipo kijiji cha karatasi kilipozaliwa. Baada ya operesheni vilihesabiwa vijiji zaidi ya 7,000 katika Tanzania bara. Leo ni zaidi ya 12,000. Lakini majina mengi ya magunguli hayakuingia kwenye daftari lile. Mahali palipokaliwa na watu kwa vizazi vitatu pakaitwa "pori."

Hapa nataka tusafiri kidogo. Twende Ufaransa, kisha tutarudi upesi.

Ufaransa ni nchi iliyoendelea, lakini msifikiri ni miji mikubwa tu kama Paris. Nchi yote imegawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo komuni, na komuni hizo karibu zifike 35,000. Nyingi ni vijiji vya watu mia mbili au mia tatu: kanisa moja, kisima cha zamani, mashamba ya ngano au mizabibu, ng'ombe wa maziwa, na ofisi moja ya meya ambayo mara nyingi ni chumba kimoja tu. Komuni yenye watu chini ya 100 ina halmashauri ya watu 7. Vijiji hivyo ni vya zamani sana, lakini sheria iliyovipa vyote hadhi moja, kidogo na kikubwa, ilitungwa Desemba 1789, wakati wa mapinduzi yao.

Nguvu ya vijiji hivyo iko kabatini. Mwaka 1539 mfalme wao aliamuru mapadre waandike kila mtoto anayebatizwa. Mwaka 1792 kazi hiyo iliondolewa kwa mapadre ikapewa komuni: kuzaliwa, kuoa, kufa. Mwaka 1807 Napoleon aliamuru kila shamba lipimwe na kuchorwa katika ramani. Hata hivyo Mfaransa naye hakuandikwa kwa kupendwa. Ramani ile ilikuwa ya kodi, kama ya kwetu. Tofauti ni kwamba wanakijiji walijifunza kuitumia karatasi ile ile kujilinda. Mkulima mdogo akigombana na tajiri juu ya mpaka, walikwenda kuifunua ramani.

Nisikilizeni sasa kwa makini. Mwaka 1916 palikuwa na vita kubwa karibu na mji wa Verdun. Mizinga ilipiga miezi mingi. Vijiji tisa viliharibiwa kabisa, hata udongo ukajaa risasi na sumu. Sita kati ya hivyo havikujengwa tena. Hakuna mtu anayeishi humo tangu vita ile. Hakuna nyumba. Majina yake ni Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Fleury, Haumont na Louvemont. Lakini vijiji hivyo sita vingali komuni hata leo! Kila kimoja kina meya aliyeteuliwa na serikali, na mipaka yake imo katika ramani. Taifa lilikataa kuvifuta, kwa kuwa vilikufa kwa ajili ya nchi.

Kwa hiyo kule kuna kijiji kisicho na mtu hata mmoja, nacho kipo, kwa sababu kimeandikwa. Na huku kwetu palikuwa na magunguli yaliyojaa watu, nayo hayapo, kwa sababu hayakuandikwa.

Tena karibu katika kila komuni, hata iliyo ndogo sana, utakuta nguzo ya mawe yenye majina ya vijana wa pale waliokufa katika vita ile ya 1914 hadi 1918. Vita hiyo ilifika hata huku. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Watu wetu kwa makumi ya maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi sana walikufa kwa njaa na maradhi njiani. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa wapagazi hao. Iko pia sanamu ya askari katikati ya mji huo, iliyowekwa mwaka 1927. Ni sanamu nzuri. Haina jina la mtu.

Haya, tumerudi nyumbani.

Tangu mwaka 1968 watu wa mikoa ya ziwa, na Shinyanga ikiwemo, walianza kujifunza kusoma kwa mpango uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vya mwanzo vilifundisha kwa mambo ya kazi: pamba, ng'ombe, samaki, ndizi. Mwaka 1967 karibu watu 7 katika kila 10 wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1986 waliobaki walikuwa mmoja tu katika 10. Tangu hapo tumerudi nyuma, na ndiyo sababu mimi na ninyi tuko hapa leo.

Nilisema tutairudia habari ya miti. Shinyanga ilikuwa tupu hata ikaitwa na wengi jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakauita HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya kigeni. Baadaye walifanya jambo la busara, wakawauliza wazee. Wazee wakasema, "Rudisheni ngitili." Ngitili ni malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili majani yawe akiba ya ndama na maksai wakati wa kiangazi. Ng'ombe wakizuiwa, miti nayo huota yenyewe kutoka mizizi ya zamani. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa. Watu wengi walifunga ngitili za kaya zao, na vijiji vikafunga za kijiji. Mara hii mzee alisikilizwa, na maneno yake yakaandikwa pia kuwa sheria ndogo.

Kijiji kilijiandika kwa njia nyingine tena. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilienea na wezi wa ng'ombe wakazidi. Watu wa Kahama na Shinyanga, miaka ya 1981 na 1982, waliunda sungusungu. Walipiga filimbi, wakatoka na pinde na mishale, wizi ukapungua sana. Serikali iliwatambua. Sitaficha upande wa pili. Akina mama wazee wenye macho mekundu waliitwa wachawi, wakafukuzwa, na wengine wakauawa. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko, maana kuni zimekwisha na mama anapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe. Jumuiya inayokuzika vizuri yaweza pia kukuua. Hakuna aliyeandika tuhuma zile ili zipimwe. Zilisemwa usiku, zikatekelezwa usiku.

Sasa dhahabu.

Geita ilichimbwa na Wazungu tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Upande wa Bulyanhulu, jirani na Bugarama, dhahabu ilijulikana katika miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo walifurika kutoka kila mkoa. Mwaka 1994 leseni ilipewa kampuni, na mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa amri ya serikali. Wapo waliosema kuwa watu walifukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zilikanusha, na mabishano hayajakwisha. Hakuna aliyekuwa na orodha ya watu waliokuwa pale. Mwaka 1999 kampuni ya Barrick ilinunua mgodi huo, na dhahabu ya kwanza ya mgodi mkubwa ilitoka mwaka 2001.

Tangu hapo vijiji vya Bugarama, Kakola na jirani zake si vijiji vya pamba tu. Mna nyumba za wageni, mafundi pikipiki, mama lishe, na vijana wenye sururu. Bei ya kiwanja imepanda. Zamani mwanangwa aliwagawia wageni ardhi bure kwa kuwa watu ndio waliokuwa adimu. Leo ardhi ndiyo adimu, na mambo yote yamegeuka.

(Mwalimu aandike maneno matatu yaliyobaki: MKUTANO, MUHTASARI, CHETI.)

Sheria inasemaje? Ziko mbili za kuzijua. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inasema kila mtu wa kijiji aliyefika miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ni watu 15 hadi 25, nayo huchaguliwa na ninyi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasema kijiji kipewe cheti cha ardhi yake, chenye mipaka. Halmashauri huisimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Liko pia baraza la ardhi la kijiji, watu 7, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Jambo moja huwachanganya wengi: shamba ni lako kwa utaratibu wa kijiji, lakini dhahabu iliyo chini yake ni mali ya taifa. Mwenye leseni ya madini akija, wewe una haki ya fidia. Na fidia hulipwa kwa aliyeandikwa.

Muhtasari ni nini? Ni maandishi ya yale yaliyosemwa na kukubaliwa mkutanoni. Nitawapa kisa, kisha nimalize.

Katika kijiji kimoja cha mkoa huu, jina lake silitaji, nilikwenda kukagua darasa kama hili. Siku ile palikuwa na mkutano mkuu, nikakaa nyuma. Mzee mmoja alisimama, akauliza kwa nini sehemu ya malisho imepewa mtu mgeni. Mwenyekiti akajibu kwamba mkutano uliopita ulikubali. Watu wakanung'unika, lakini nani atabisha? Kitabu kipo. Ndipo mama mmoja wa makamo, mwanafunzi wa darasa letu wa miezi minane, akaomba kitabu kisomwe. Mtendaji akasema miwani yake ameisahau. Mama akasema, "Mwanangu, nipe mimi."

Akasoma polepole sana, kwa kidole, neno baada ya neno. Watu walinyamaza kabisa. Alifika penye maneno "waliohudhuria 212." Akasimama. Akasoma tena namba ile, mbili, moja, mbili. Kisha akawauliza watu: "Siku ile ya mvua, tulikuwa 212 hapa chini ya mwembe?" Wakacheka, maana wote walijua kuwa hawakufika arobaini. Akageuza ukurasa wa majina na saini. Akakuta jina la mumewe, na saini kando yake. Mumewe alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla ya mkutano ule.

Hakupiga kelele. Alifunga kitabu, akakishika mapajani, hakukirudisha mezani. Mkutano uliahirishwa, afisa wa wilaya akaitwa, na baada ya wiki tatu ulirudiwa. Malisho yalibaki malisho. Kitabu kile sasa kinatunzwa katika sanduku la bati lenye kufuli mbili, na ufunguo mmoja uko kwa yule mama. Sanduku ni la bati kwa sababu ya mchwa. Kitabu cha kabla ya hicho kililiwa chote, kuanzia 1975.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja amwulize mtu mzima kuliko wote nyumbani kwake jina la gunguli alimozaliwa, na mahali mpaka wake ulipopita: mti gani, kijito gani, jiwe gani. Ayaandike katika daftari kwa sentensi tatu, kwa wino, si kwa penseli. Wanaoanza waandike jina tu. Tena, darasa zima liende pamoja kwa mtendaji, kwa adabu, kuomba kuonyeshwa cheti cha ardhi ya kijiji. Kama kipo, someni tarehe yake na mjaribu kuifuata mipaka. Kama hakipo, andikeni hivyo katika daftari la darasa, pamoja na tarehe mliyouliza.

Somo lijalo litakuwa juu ya mizani na pamba. Mwalimu alete mizani ya dukani kama atakubaliwa kuiazima. Kwaherini.